Kilio ya Baba Yako Imeisha Pasipo Neno

Kamina, Kambi ya Reli
Tarehe 14 Agosti 1954

Mupendwa mutoto wangu Delphine,

Jambo sana, mama. Jambo tena. Nakuamukia kwa mikono mbili, namuamukia Lucien bwana yako, nakaamukia na kale katoto ambako macho yangu haiyakaona bado. Munaamuka? Mwili yako ilirudia nguvu? Maziwa inatoka muzuri? Kitovu ya mutoto ilikauka? Usimuogeshe na maji ya baridi kule Port-Francqui, hata bantu ba kule bakisema joto ni mingi. Joto ya muntu mukubwa haiko joto ya mutoto muchanga.

Mbele ya kuendelea kusoma, kaa chini. Egemeza mugongo. Haiko habari mubaya. Habari mubaya ulikwisha kuipata kwa telegramu, na hakuna ingine nyuma yake. Hii ni habari ya kupumua. Nakuambia mbele juu nakujua: ukiona mwandiko wangu tu, moyo inaanza kukimbia, na moyo ya mama ikikimbia, maziwa nayo inakimbia.

Minyi niko muzima. Magoti inauma kidogo juu ya kukaa chini ku mukeka siku zote za kilio. Lakini jana nilioga, nilivaa kikwembe ingine, nililala ku kitanda. Na Valérie iko hapa nyumbani. Naandika tena ili uone muzuri: mudogo yako Valérie iko hapa nyumbani. Sasa hivi anachambua sombe, majani ya mihogo, pa mulango na anaimba vibaya.

Unisamehe herufi. Masista balinifundisha kuandika sala na jina langu, mengine nilijifundisha minyi mwenyewe, na hata leo herufi zangu zinaegemeana sawa bantu benye kutoka ku pombe ya munkoyo. Hakuna muntu niliyetaka aniandikie hii barua. Kuna mambo ya kucheka ndani yake, na muntu mwingine angeiweka heshima mingi.

Nianze na baba yako. Hakuteseka sana, mama. Ni kifua. Ile baridi ya kiangazi, yenye kupita mu nyasi asubuhi sawa mwizi, ilimukamata ku kazi yake ya kugeuza reli za treni, na weye unajua baba yako: mpaka reli zigeuzwe, hataki kusikia habari ya dawa. Nilimukanda na mafuta ya mawese, nilimunywesha chai ya ndimu, mwisho tulimupeleka hospitali. Padri alimupaka mafuta takatifu. Alikufa asubuhi, treni ya Élisabethville ilikuwa inaingia, na aligeuza kichwa kidogo upande wa sauti, sawa vile alifanyaka tukiwa tunakula. Unakumbuka? Tonge ya bukari mu mukono, mukono mu hewa, sisi wote tunangoja na njaa yetu, yeye anasikiliza. Kisha anasema, "Ile gari ya nyuma iko mugonjwa." Mara mingi gari haikuwa mugonjwa. Lakini alipenda kusema vile, na sisi tulipenda kumungoja.

Tulimuzika hapa Kamina. Mwili haikuweza kungoja bandugu zake ba Mulongo. Muntu wa kule atoke na mutumbwi, angoje boti ya mto mpaka Bukama, angoje tena treni. Hata weye ungekuwa hapa, ungemuzika pasipo kungoja. Benzake ba kazi balimubeba, na ba chef ba gare, bakubwa ba kituo ya treni, balikuya. Ilikuwa maziko ya heshima. Juu ya ile usijihukumu hata kidogo. Mwenye kuzaa juzi hasafiri kwa kilio.

Sasa nakuelezea mambo yenye ilinikosesha usingizi.

Unamujua Baba Philémon, yule muntu wa Sanga, wa ku ziwa Kisale, mwenye kutia mafuta mu magurudumu ya magari pale gare. Tangu unyonye unamusikia akipita kwa dirisha yetu asubuhi: "We muntu wa Mulongo, uliamuka ao ungali mu matope na bambale?" Na baba yako anajibu kutoka ndani, povu ya sabuni ku kidevu: "Ngoja ninyoe, juu ninyi bantu ba Sanga munajuaka kunyoa samaki tu." Kila asubuhi. Nilijua ni batani. Ukoo wa Philémon na ukoo wa baba yako banazikanaka tangu bankambo, na mutani hakasirikiwi. Ile nilijua.

Lakini nilizani kifo inakata utani. Kumbe njo pale utani inaanza kazi yake. Nani angeniambia? Wazazi wangu balikuya toka Kasai na kazi ya kutengeneza reli, balikufa ningali kadogo, Masista njo balinikomalisha. Kwa Masista, muntu akikufa tunapiga magoti, tunanyamaza. Na kilio ya bantu ba kambi nilizoea kuisalimia, napika, naosha sahani, narudi nyumbani. Mizaha ya ku kilio nilizani ni kazi ya balevi.

Basi, kesho yake ya maziko, tuko chini ku mukeka, bamama banalia, Philémon anaingia mu lupango, uwanja ya nyumba yetu. Amevaa kofia ya kazi ya baba yako, ile alikuwa anaiacha ku gare. Ameingiza matambara mu shati mpaka tumbo inatoka sawa ya baba yako. Anatembea na zile hatua zake fupi, za muntu mwenye kuzoea kukanyaga mbao za reli, hata mu kanisa alitembeaka vile. Anakuya mpaka ku mukeka yangu, analala chini katikati ya bamama, anashika tumbo, anapiga kelele:

"Mama Sista! Mama Sista, njaa! Mumenizika pasipo bukari! Kule chini bananiuliza, bibi yako alikukatalia chakula?"

Mutoto wangu, nilisimama. Sikujua kama nilisimama. Mwiko ya bukari ilikuwa karibu, nikaishika, nikamupiga nayo ku mugongo, pa! Nikamuambia: "Toka mu kilio ya bwana yangu, mulevi weye! Hauna hata haya!"

Philémon aliamuka. Alivua kofia, aliipangusa vumbi, aliiweka chini polepole sawa yai, akaenda. Bibi yake Mama Phébé aliniangalia sawa muntu mwenye kuona mwenzake anamwanga chungu yote ya maji mu jangwa. Minyi nilikaa chini, nilifunga kitambala. Nilijiambia, nimetetea heshima ya bwana yangu Wenceslas. Hata furaha kidogo nilikuwa nayo.

Kisha bandugu balifika toka Mulongo.

Mbele yao alikuwa baba mukubwa yako Mbuyu, mukubwa wa baba yako tumbo moja. Weye haumukumbuke, tulikupeleka kule ungali mu mugongo, wakati wa kilio ya nkambo yako, muzazi wa baba yako. Tulichelewa ile mara, boti ilikwama mu majani ya mto, tukakuta nkambo amekwisha kuzikwa. Mbuyu hakutupa mukono. Alisema tu, "Reli ilimumeza mudogo wangu, na itakuya kututapikia mifupa." Tangu ile siku hakukanyaga kwetu. Baba yako hakunieleza mambo mingi. Nikiuliza, anasema, "Mukubwa wangu ni muntu wa maji. Maji inakuyaka yenyewe."

Sasa alikuya. Muzee mukavu, murefu, fimbo mu mukono, koti ya zamani yenye harufu ya moshi ya samaki. Hakukubali chai. Alikaa ku kiti ya baba yako na akaanza kuuliza. Alikufa na nini? Ni kifua. Nani alimuosha? Ni benzake. Mwisho akauliza:

"Na batani bake? Bako wapi? Sioni hata mumoja."

Mama mumoja, sitaandika jina, alisema toka nyuma: "Muke wa marehemu aliwafukuza na mwiko."

Mbuyu aliniangalia kwa mara ya kwanza. Hakukasirika, mama, na ile njo iliniogopesha. Alisema polepole, kwa Kiswahili yake ya Mulongo: "Mutani njo mwenye kusema mambo ya marehemu mbele ya bantu wote, ya muzuri na ya mubaya, pasipo kuogopa. Mwenye kufukuza mutani, anaogopa isikike nini? Hii nyumba iko na neno, jambo ya kufichwa mu kifo ya mudogo wangu."

Nilitaka kusema. Yeye aliendelea: "Tutakaa. Tutangoja neno itoke. Isipotoka, treni ya Bukama ikirudi, tutarudi na huyu mutoto. Damu yetu haitakomalia mu nyumba yenye neno." Na alionyesha Valérie na fimbo.

Valérie alikuwa nyuma yangu. Nilisikia vidole vyake vinaingia mu kikwembe yangu. Delphine, unajua hajue kuogelea. Kiluba anajua salamu tu, na hata ile anaisema sawa Muzungu. Nilimuona mu akili mu mutumbwi katikati ya Lualaba, na kale kanguo kake ka masomo, analia na hakuna mwenye kusikia anasema nini. Na nilijua hakuna wa kunisaidia. Padri angesema minyi ni mama yake. Chef wa kambi angesema mambo ya ukoo muimalize mu ukoo. Na bandugu bangesema, mutoto ni wa baba, na baba ni wetu. Wote bangesema kweli.

Mama Phébé njo alinishika mukono. Alinivuta kando ya jiko, akasema: "Mama Delphine, kuya tuende kwetu. Bwana yangu anakataa kula tangu ile siku."

"Ni mugonjwa?"

"Ni mwiko yako. Haukumuumiza mugongo. Ulimunyima kumuzika ndugu yake."

Mwenye kilio hatembei-tembei, weye unajua. Nilijifunika kichwa mpaka ku macho, Phébé mbele, minyi nyuma, tukapita kando ya magari ya makaa ili bantu basituone. Philémon alikuwa pa mulango yake anamenya karanga. Aliniona, aligeuza uso.

"Phébé," anasema, "kuna upepo mbaya inatoka upande wa Kasai. Funga dirisha."

Nilipiga magoti. Nilianza kumuomba musamaha sawa tulifundishwa: Baba Philémon, nilikosa, sikujua, mambo ya kwenu nilikuwa mugeni, unirehemu. Niliongea muzuri kabisa. Yeye anamenya karanga. Nilipomaliza anasema, "Amina," na anatupa ganda.

Phébé alininong'oneza mu sikio: "Dada, musamaha upeleke kwa padri. Mutani haombwi. Mutani anatukanwa. Mutukane arudie utani."

Minyi! Kutukana! Masista balikuwa banatuosha mudomo na sabuni. Nilitafuta tusi mu kichwa yote, nikapata moja. Nikasema: "Weye... weye hauchanake nywele."

Philémon aligusa kichwa yake yenye upara, akatazama Phébé. "Anasema nini, huyu mama?" Na Phébé alianza kucheka, anaziba mudomo na kikwembe, mabega inatikisika. Mama, ile kicheko njo ilinichoma. Bwana yangu iko chini ya udongo, mutoto wangu banataka kumuchukua, na hawa banacheka. Nilisimama, na mudomo ilifunguka yenyewe:

"We Philémon! Kichwa yako ni sawa lokomotivu yenye kuharibika, kelele mingi, moshi mingi, na haivute hata gari moja! Ninyi bantu ba Sanga, munalala ku mudomo ya ziwa na munanuka vumbi! Miaka yote unakula kwangu, sahani unairamba mpaka maua inafutika, na leo ndugu yako amekufa uko hapa unakaa ku matako yako sawa bibi harusi mwenye kungoja kubembelezwa! Simama, mbwa weye! Simama umulilie bwana yangu!"

Phébé aliacha kucheka. Philémon aliweka karanga chini. Alisimama, uso yake yote ilifunguka, na macho ilijaa maji.

"Sasa," anasema, "sasa njo shemeji wangu anazungumuza. Wenceslas alisemaka Masista balikata ulimi yako. Kumbe alikuwa muongo."

"Muongo ni weye," nikamujibu. Ilikuwa inatoka sasa pasipo shida.

"Rudi nyumbani, Mama Sista. Pika bukari ya kutosha. Bwana yako anakuya."

Na alikuya kweli, mutoto wangu. Asubuhi, jua imekwisha kupanda, lupango imejaa bantu ba kambi, na bandugu ba Mulongo bako mustari moja na uso zao za kesi. Philémon aliingia na kofia, na tumbo, na zile hatua. "Nani alificha kiatu yangu ya kushoto?" anauliza. Unajua ni nani alikuwa anauliza ile kila asubuhi ya Mungu. Valérie alicheka mbele ya wote, kisha akaziba mudomo. Philémon alikaa ku benchi sawa mu misa, mikono imekunjwa, akaanza kukoroma, kisha akaruka: "Amina!" katikati ya mahubiri. Alimuiga baba yako anagombeza kuku na sauti ya chef wa gare: "Kuku ya njia ya pili, rudi nyuma!" Alimuiga anasuka nywele yako, Delphine, ile mwaka nilikuwa na homa na alikusuka mwenyewe na vidole vyake vikubwa, ukaenda masomo na kichwa sawa kamba ya kufunga mizigo, na akamupiga kelele mwalimu mwenye kucheka. Bantu balicheka mpaka bengine balikaa chini. Na minyi nilicheka na nililia, sikujua maji ya macho ni ya upande gani.

Mbuyu hakucheka. Alikuwa anaangalia sawa muntu mwenye kusikiliza hadisi ya inchi ya mbali.

Njo Philémon alienda ku ukuta, akashusha ile wavu.

Unaijua. Baba yako kila saa ya kupumuzika alikuwa anasuka wavu, hapa Kamina pasipo mto wala ziwa. Weye ulilala mu wavu yake ungali muchanga. Kuku zangu za soko zilisafiri mu wavu yake. Batoto ba kambi baliifunga ku goli ya mupira. Nilikuwa namuambia, Baba Delphine, unasuka ya nini, samaki iko wapi? Anasema: "Mikono haina akili, inafanya tu yenye ilijifunza kwanza."

Basi Philémon anaitupa mu vumbi ya lupango. Anakamata kuku mumoja. Anakamata Phébé, anasema, "Hii ni ya zamani, nairudisha mu maji." Bantu banacheka. Anazunguka, anazunguka, na mara moja akaitupa juu ya Mbuyu. Muzee muzima, na fimbo yake, na koti yake, ndani ya wavu! Bantu balishika midomo. Bandugu ba Mulongo balisimama. Philémon alikaza kamba na akapaza sauti, na ilikuwa sauti ya baba yako kabisa:

"Nimemukamata! Bantu ba Kamina, kuyeni muone! Miaka yote naenda ku gare kungoja ile treni ya samaki ya Bukama. Nauliza bamama ba samaki, mukubwa wangu Mbuyu anashuka? Banasema, hapana, ni samaki ya kukausha tu. Natuma chumvi, hashuke. Natuma blanketi, hashuke. Batoto bangu banazaliwa, banabatizwa, banaolewa, hashuke! Ilikuwa lazima nikufe njo akate tikiti!"

Ile neno, hakuna muke, hakuna mutoto, hakuna padri mwenye angeweza kuimuambia Mbuyu. Ni mutani tu. Bamama benye kuuza samaki balikuwa pale, na mumoja alisema polepole, "Ni kweli. Alituulizaka." Minyi sikujua, Delphine. Nilizani anaenda kununua samaki. Mara mingi alirudi na mikono mitupu, nikamugombeza.

Mbuyu alikaa ndani ya wavu, hajigusi. Kisha anasema:

"Philémon, nifungue."

"Philémon ni nani? Minyi ni Mwila, mudogo yako, mwenye padri alibatiza Wenceslas. Sema kwanza. Nani aliniua?"

"Nifungue, mutoto wa Sanga."

"Nani aliniua, mukubwa?"

"Hakuna," anasema Mbuyu.

"Sisikie! Niko chini ya udongo!"

"Hakuna muntu aliyekuua!" Sauti ilimukatika. "Ni kifua. Ni kifua tu."

"Na bibi yangu, huyu mwenye mwiko?"

Mbuyu aliniangalia kupitia matundu ya wavu. Mudomo yake ilianza kutetemeka, nilizani ni hasira, kumbe kicheko ilikuwa inatafuta njia. "Bibi yako hana neno. Mwiko tu."

"Na katoto kangu?"

Minyi nilikamata Valérie na mikono yote mbili.

"Katoto kabakie kwa mama yake," anasema. "Na weye lala, Mwila. Lala, mudogo wangu. Weye ulichelewa siku moja. Minyi nilichelewa miaka."

Na alilia, muzee, ndani ya ile wavu, sawa mutoto. Philémon alimufungua, akavua kofia, akatoa matambara mu shati, akakaa chini ku miguu yake. Pale njo yeye mwenyewe alilia. Mutani analiaka wa mwisho.

Nyuma ya ile, yote ilienda sawa maji ya mutelemuko. Dada mumoja wa Mulongo alinimwangia maji ku miguu pa mulango, balininyoa, balinifungua kilio. Mbuyu alikula bukari yangu mbele ya bantu wote, alikula sana, na ile ilikuwa neno ya mwisho: muntu hakulake mu nyumba anayoishitaki. Valérie alilala mu kitanda yangu. Hata nilimuhesabu vidole nikiwa naamuka, sawa wakati alizaliwa. Usinicheke.

Bandugu balibakia ile siku na usiku yake. Mbuyu alitaka nimuelezee yote: namna baba yako alinioa na barua ya ruhusa ya Masista, namna alichoma matofali ya kale ka nyumba ka ku cité, mutaa ya inje ya kambi, kidogo kidogo kila kiangazi, namna hakupiga mutoto hata mumoja lakini akinyamaza wote munaomba musamaha. Alikuwa anauliza mpaka mambo madogo. Alikulaka saa ngapi? Alilalaka upande gani? Nilimuelezea. Sikujua niko na mambo mingi vile ndani.

Kale ka nyumba njo tutahamia, minyi na Valérie, juu hii ya kambi ni ya mwenye kazi. Iko na mabati tayari, imekosa milango tu. Chef wa kambi alisema nisifanye haraka kutoka. Nitapanda mihogo na karanga pale nyuma. Usihangaike.

Lucien asitume kitu kwanza. Muna mutoto. Tuma picha ya mutoto tu, kama kule kuna mwenye mashini ya picha, na umuvalishe kofia.

Leo asubuhi treni ya Bukama iliwapeleka. Mbele ya kupanda, Mbuyu aliomba kuona fasi baba yako alikuwa anafanyia kazi. Tulimupeleka pale reli zinaachana, moja Élisabethville, moja kwenu. Hakukuwa treni, na mwenzake mumoja alimuruhusu kushika ile chuma ya kugeuza reli. Muzee alitia mate mu mikono. Alivuta. Haikujigusa. Alivuta tena na mwili yote, mpaka mishipa ya shingo ilitoka, na ile chuma ilimuangalia tu. Aliiachilia, akapangusa mikono ku koti.

"Na alikuwa anaigeuza kila siku?" anauliza.

"Kila siku."

Alitingisha kichwa, akaangalia zile reli mbali, mpaka pale zinapotea mu nyasi. "Minyi niliambia bantu ba Mulongo mudogo wangu alienda kucheza ku Bazungu," anasema. "Nitarudi niwaambie haikuwa muchezo."

Kisha alipanda treni. Valérie alisimama kando yangu ku gare, mukono mu mukono, na treni ilienda pasipo yeye.

Kesho ni sikukuu ya Maria kupalizwa mbinguni, tutaenda misa. Niamukie wote ba kule: Lucien na mama yake, na yule jirani yako Léonie mwenye kukusaidia wakati wa kuzaa, umuambie mukono wangu uko mu mukono wake. Hapa banakuamukia Valérie, Mama Phébé, na Baba Philémon, mwenye anasema nikuandikie kwamba uko nusu muntu wa Mulongo nusu muntu wa Kasai, hasara mara mbili. Baba mukubwa yako Mbuyu naye aliacha salamu, na aliacha samaki ya kukausha ambayo nitakutumia na wa kwanza atakayepanda treni ya kwenu.

Mungu akufunike weye na nyumba yako, aweke nguvu mu mifupa ya ule mutoto, na bantu benye kumupenda basichelewe.

Ni minyi mama yako, mwenye kukupenda na leo mwenye kulala usingizi,

Élisa Kabamba, Mama Delphine